Kuisifu a.i.

Kila mwaka wanafunzi wangu wa Kiingereza hapa Kisangani huniuliza kwa nini wakariri vifupisho vya Kilatini, lugha isiyo hata na muuza samaki mmoja pale soko kuu. Nawajibu: bila Kilatini, nani angetuongoza?

N.B. hutuonyesha alichosahau kusema mwandishi. Op. cit. imewavusha wengi TFC, kazi ya kuhitimu, pale chuo kikuu chetu, UNIKIS, bila kufungua kitabu. Etc. ikiwa mwisho wa orodha ya ada za shule, shika mfuko wako.

Lakini a.i.! Ad interim, kaimu, wa muda tu. Iweke nyuma ya cheo cha mtu uone ajabu: amekalia kiti, na hajakikalia. Mafuta ya gari hapewi nusu. Salamu anapokea zote. Ila ukimpelekea jambo zito, anazigusa zile herufi kama mama anayesali rozari: “Mwalimu, mimi ni a.i. tu. Tumngoje mwenyewe.” Mwenyewe hajateuliwa. Wanafalsafa wote hawakuweza kutenganisha madaraka na lawama. Herufi mbili zimeweza. Namjua a.i. aliyeozesha mabinti, akajenga nyumba katika mtaa wa Makiso, na alipokwenda Kinshasa kuusukuma uteuzi wake akaacha a.i. wa kumshikia nafasi. Huyo wa pili naye alipougua, barua zilitoka na P.O., par ordre, juu ya a.i., na hakuna aliyecheka.

Nasaba yake pia ni ya heshima. Kilatini cha misa kilifika kwenye maporomoko yetu na padri Gabriel Grison mwaka 1897. Kisha serikali ikakipenda. Katiba ya 2006 ilitoa miezi 36, tangu taasisi zisimikwe, majimbo mapya yawe yamesimama; Tshopo, jimbo letu, ikazaliwa 2015. Tena ilizaliwa ikapokelewa na kamishna maalum, wa kuishikilia mpaka gavana achaguliwe mwaka uliofuata. Jimbo zima lilinyonya a.i. kabla ya kuota meno.

Basi nilitaka kuendelea kusifu, ila kuna mwenzangu wa fizikia. Yeye ni N.U., nouvelle unité, mwalimu mpya ambaye serikali bado haijaanza kumlipa. Mpya gani? Aliowafundisha wana watoto. Anakula kwa michango ya wazazi, miezi ambayo wazazi wanayo. Dosie yake imebakiza sahihi moja. Nilimsindikiza ofisini. Mkubwa akatusikiliza kwa upole, akatuonyesha kibao mlangoni: a.i. Sahihi ya namna hiyo, akasema, inapita uwezo wake. Tulipe kwanza ada ya kufungua upya dosie, halafu tungoje.

Tukalipa. Risiti akaiandika mwenyewe, palepale: jina kamili, cheo, muhuri, sahihi ndefu yenye mkia. Tuliisoma wote wawili barabarani, mbele na nyuma. A.i. haikuwemo.