Tangi Lililonuka Busaa

Huku kwetu Kwanza, Trans Nzoia, mama akipewa tangi na chama chake, kijiji kizima huja kulipokea. Linaletwa juu ya pikipiki, limefungwa kwa mipira, dereva haonekani kabisa. Watoto hulikimbilia tangu barabarani, akina mama hupiga vigelegele, na hapakosi mtu wa kuliombea. Maombi hayo hugusa kila jambo: mvua, afya, hata macho ya wenye wivu. Sijasikia hata siku moja mtu akiomba apatikane wa kulisugua ndani.

Mambo ya kununuliana hayakuanza jana. Miaka ya 1960 na 1970 akina mama wa Mkoa wa Kati walichanga pesa wakaezekeana nyumba, mpaka vikundi vyao vikajulikana kwa jina la mabati. Mabati yakileta mvua mlangoni, gata na tangi havina budi kufuata, maana hesabu yake inatia tamaa. Milimita moja ya mvua ikinyeshea mita moja ya mraba ya paa, hiyo ni lita moja. Nyumba yetu ina paa la mita 10 kwa 8. Mvua moja ya kishindo, ya milimita 25, ya zile zinazotushukia alasiri kutoka upande wa Mlima Elgon, hutumwagia lita 2,000, na tangi letu ni la lita 2,300. Mtu akiletewa maji kiasi hicho bila bili, tena mpaka nyumbani, haoni sababu ya kuyahoji yalikopita.

Nayo yalipita juu ya paa ambalo kunguru wamelifanya baraza lao. Wataalamu wanashauri kwamba mvua ikianza, bomba la gata ligeuzwe kando ili maji ya kwanza yaoshe paa na kumwagika, kisha baada ya dakika kumi hivi lirudishwe tangini. Ni ushauri mzuri sana kwa watu wanaonyeshewa usiku wakiwa na makoti. Mvua ya Kitale hupenda saa tisa, saa kumi, wakati mimi niko darasani na wengine wako shambani. Nyumbani anabaki Kukhu, mama yake baba yangu, naye ana msimamo wake: maji ya Mungu hayamwagwi. Nilipomweleza habari ya vinyesi vya ndege, alinijibu kwamba amekunywa maji hayo tangu kabla babangu hajaota meno, na kama ni kuugua, basi ugonjwa wenyewe umechelewa.

Kunguru tungevumiliana nao. Kilichotuponza ni mahindi.

Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya, kila mtoto wa shule anajua. Tunapanda Machi na Aprili, tunavuna kuanzia Oktoba, na kufikia Desemba mashine za kupukuchua, zikivutwa na trekta, zinazunguka kutoka boma hadi boma. Mashine ikisimama uani kwako, upande mmoja hutoka mahindi, mwingine magunzi, na huko juu huruka vumbi jekundu na makapi mepesi yasiyo na mwenyewe. Yanatua kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye sufuria ya maharagwe, na zaidi ya yote kwenye mabati. Tulipukuchua mchana kutwa. Kesho yake ikaja mvua fupi isiyotarajiwa, Kukhu akafurahi, na kila kilichokuwa juu ya paa kikaingia tangini.

Baada ya muda, maji yakaanza kutoa harufu. Mwanzoni ilikuwa ya uchachu mwepesi tu. Halafu asubuhi moja nikafungua mfereji ninawe uso, nikasimama pale na povu la sabuni shavuni nikijiuliza nimewahi kukutana wapi na harufu hii. Ilikuwa ya busaa, pombe ya kienyeji. Mtu aliyekulia Kimilili au Webuye hawezi kukosea: unga wa mahindi, uchachu, joto, na uzee kidogo.

Kila mtu akawa na nadharia yake. Mke wangu alisema kuna mjusi amefia ndani. Ndugu yangu, ambaye hutengeneza redio na kwa hiyo anajua kila kitu, alisema ni plastiki inayeyuka kwa jua. Jirani mmoja aliyanusa maji, akatikisa kichwa, akasema wapo watu wasiopenda maendeleo ya wenzao. Jawabu halikuwa na uchawi wowote. Makapi huzama chini, na mfereji wa tangi haukutobolewa sakafuni, umeinuliwa kidogo ili usivute tope. Kwa hiyo hata ukichota mpaka tone la mwisho, tope hubaki limelala palepale, linachacha polepole. Hewa ikiisha mle ndani, vijidudu vingine hushika zamu, na harufu ya busaa huanza kugeuka kuwa ya yai viza.

Tulikuwa bado tunabishana wageni walipoingia. Watu wa Chwele, upande wa Bungoma, walikuwa wamekuja kuzungumzia mahari ya binti yetu mmoja. Wazee waliketi chini ya mti, kofia magotini, na chai ya maziwa ikapita. Mimi nilijua ilipikwa kwa maji gani, kwa sababu bomba la kijiji halikuwa na tone tangu juzi. Mzee wao mkubwa alinywa funda moja akanyamaza. Akaitazama chai. Akanywa tena, taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo la ujanani. Mjomba wangu alianza kuinama.

"Chai hii ameipika nani?" mzee akauliza.

Hakuna aliyejitolea. Mke wangu alijitosa: "Ni sisi, papa. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, mama. Niongezee."

Aliongezewa mara kadhaa, na mazungumzo ya ng'ombe yalikwenda kwa ulaini ambao haujaonekana katika ukoo wetu. Walipoondoka, Kukhu alitangaza kwamba tangi lisiguswe mpaka harusi ipite. Tulipiga kura. Alishindwa, lakini hakukubali matokeo.

Shida ya kuosha tangi ni mdomo wake. Watu wazima wa nyumba hii, ukiwapanga mmojammoja, wanaishia mabegani. Aliyepenya ni mpwa wangu, kijana mwembamba aliyekuwa akisubiri matokeo ya KCSE bila kazi nyingine yoyote ya kumnenepesha. Alishuka na brashi ngumu na karai, mfuniko ukiwa wazi, ndugu yangu amesimama juu ya ngazi akimwangalia, na dawa hakupewa hata tone. Hilo ni la lazima: mtu na dawa ya klorini hawawekwi pamoja ndani ya chombo kilichofungwa. Alichotupandishia kilikuwa tope jeusi laini lenye utelezi, limechanganyika na makapi, manyoya, kizibo cha soda, na chura mmoja mzima aliyeonekana kuudhika kwa kukatizwa makazi.

Kijana akagundua kwamba sauti yake mle ndani ni nzito na ya kuvutia. Akaanza kuimba nyimbo za kanisani. Wakati huohuo ndugu yangu alikuwa ameshuka kumwaga tope nyuma ya nyumba, na jirani yule wa wapinga maendeleo akawa anaingia kuazima ungo. Alisikia tangi likimsifu Bwana kwa besi. Ungo hakuuchukua, na mpaka leo hajarudi kuuliza tena.

Baada ya kusugua ndipo inakuja dawa. Kanuni ni kujaza tangi maji, kutia Jik ya kawaida isiyo na manukato, karibu lita moja na nusu kwa kila lita 1,000, kuyalaza usiku mmoja, kisha kumwaga yote na kusuuza. Lakini Januari mvua imekatika. Nani atabeba lita 2,300 kwa mkokoteni ili aje azimwage? Tulitia kikombe cha Jik katika ndoo ya lita 20, tukazipaka kuta kutokea juu kwa ufagio wa mpini mrefu, tukasubiri, tukasuuza mpaka harufu ikaisha. Ndugu yangu alitaka aongeze siki na sabuni ya choo "ipate nguvu". Nilimnyang'anya chupa. Klorini ya Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ileile ambayo Wajerumani waliifungulia maadui wao Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, na mimi sikuwa na mpango wa kuanzisha vita Kwanza.

Siku hiyohiyo alipita Mzungu mmoja na gari lenye kitanda na jiko ndani, mojawapo ya yale yanayotokea Kitale kuelekea Turkana. Aliomba maji, akaona shughuli yetu, akacheka kwa uchungu. Yeye pia alikuwa na tangi chini ya kitanda, na lilinuka. Dawa yake ilikuwa kutia klorini, kujaza maji, halafu kutafuta barabara mbovu ili mitikisiko isugue kuta kwa niaba yake. Ndiyo maana alikuwa ameacha lami. Alituambia kwa dhati kwamba barabara ya kwetu ni bora kuliko zote alizopitia, na ndugu yangu alikubali sifa hizo kama aliyeijenga.

Mpwa sasa ana kazi. Anaitwa kuosha matangi mpaka Endebess, analipwa kwa urefu wa tangi, na kila boma humpa chakula kabla na baada. Juzi nilimwona akitoka kwenye tangi la jirani: kichwa kilipita, mabega yakapita, tumbo likasita. Mama mwenye tangi alisimama pembeni na sahani ya pili ya ugali, akimngoja atoke.