Safu ya Ushauri: Mchuzi wa Kirumi na Matatizo Yake

Mapishi mengi ya nyama ya Warumi wa kale yanayojulikana leo yamo katika De re coquinaria, kitabu cha Kilatini kinachohusishwa na jina la Apicius. Shida ya kwanza ya wasomaji huanzia humo humo: vipimo ni nadra. Mpishi huagizwa kutia pilipili manga. Kiasi gani, atajua mwenyewe.

Msomaji ambaye sufuria yake ya kwanza haikulika ashauriwe kuanza na mchuzi wa mwanambuzi au mwanakondoo wa kitabu cha nane. Vipande vya nyama hupikwa na kitunguu, giligilani mbichi, pilipili manga na bizari nyembamba zilizotwangwa, mafuta, divai na garum, kisha mchuzi hufanywa mzito kwa wanga. Nyumba isiyotumia divai itie maji ya zabibu na siki kidogo. Mrumi angekunja uso, lakini Mrumi hayupo mezani.

Garum ni maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi juani, na sosi ya samaki ya Vietnam au Thailand huziba pengo lake vizuri. Anayefungua chupa na kuifunga papo hapo kwa ajili ya harufu hana kosa. Harufu hiyo hupoa motoni na kuacha ladha nzito ya nyama. Kosa ni kuongeza chumvi kabla ya kuonja.

Kiungo kinachosumbua zaidi kitabuni ni silphium, mmea wa Cyrene, katika Libya ya leo. Mwandishi wa Kirumi Plinius anaeleza kwamba katika kumbukumbu za zama zake ulionekana mche mmoja tu, ukapelekwa kwa Kaisari Nero. Warumi wakageukia mvuje wa Uajemi, huo huo unaotumiwa kufukuzia mashetani katika pwani ya Afrika Mashariki. Chembe kama punje ya mtama, ikikaangwa kwanza kwenye mafuta, inatosha. Anayetia kijiko kizima asishangae majirani wakija kuuliza nani kapagawa.

Anayelalamika kwamba mchuzi hauna wekundu asikimbilie nyanya. Nyanya na pilipili kali zilivuka bahari kutoka Amerika baada ya 1492, dola ya Roma ikiwa imeanguka zamani. Mchuzi huu ni wa kahawia na huliwa kwa mkate. Atakayeula na wali hatapungukiwa utamu, ila asiwaambie wageni kwamba ndivyo walivyokula Roma.