Vasco da Gama Hapokei Wageni Jumatatu

Meli ya kitalii inayofika Lisbon hufunga chini ya mtaa wa Alfama, karibu na stesheni ya treni ya Santa Apolónia. Ukiutazama mji kutoka sitahani, kikombe cha chai mkononi, unauona wote: mapaa ya vigae vyekundu, makanisa, ngome juu ya kilima. Utadhani utaumaliza kabla ya adhuhuri na ubakiwe na saa ya kulala. Kilima cha kutazama hakichoshi mtu.

Jumatatu moja, kati ya abiria walioteremka walikuwamo watu wanne wenye asili ya Likoni, Mombasa: mzee aliyestaafu kazi ya bandarini Kilindini, mkewe, binti yao ambaye ni muuguzi Uingereza, na mjukuu mwenye simu. Safari ilianzia Southampton, nayo ilikuwa zawadi ya binti. Kila mmoja alishuka na lake. Mjukuu alitaka kupanda tramu za njano. Mama alitaka mahali pa kukaa. Mzee alitaka mambo mawili: kuliona kaburi la Vasco da Gama, na kurudi melini mapema.

“Meli haina mjomba,” alisema kabla hata hajakanyaga gati.

Wala hakukosea. Meli za namna hii husubiri abiria waliokwenda matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe. Aliyejitembeza kwa miguu yake akichelewa, ataipungia mkono kutoka gatini. Familia hii ilikuwa imeyakataa matembezi ya meli, kwa kuwa mzee alipoisoma bei aliomba aletewe miwani, na alipoletewa akaomba iondolewe.

Hamu yake ya kaburi ilikuwa na historia. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa Aprili 1498, hakualikwa, akagombana na wenyeji, akaondoka kwenda Malindi, ambako alipokewa vizuri na kupewa rubani wa kumfikisha India. Nguzo yake iko Malindi mpaka leo. Mzee alitaka kumrudishia ziara, ila yeye alifuata taratibu: fomu, picha, taarifa za benki, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, ndivyo viza ya Schengen inavyodai. “Yeye alikuja na mizinga tu,” alinung’unika siku anapiga alama za vidole.

Kilima cha Alfama kikawapokea. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu kubwa ya Lisbon, na mji wa chini ukajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal. Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa, na vichochoro vyake vikabaki kama vilivyokuwa. Ndiyo maana simu ya mjukuu iliwapeleka kwenye ngazi, ngazi zikawapeleka kwenye kamba ya nguo, na chini ya kamba ile bibi mmoja wa Kireno akawaonyesha kwa kidole njia ya kurudi walikotoka.

Tena kuna suala la makubadhi. Njia za Lisbon zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe, vingine vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi hadi vikang’aa. Makubadhi ya mzee yalikuwa mapya, soli ya ngozi tupu. Kupanda alipanda. Kuteremka, alikuwa akiteremka bila kuchukua hatua. Mkewe alimshika koti kwa nyuma, wakashuka hivyo, mmoja akiwa breki ya mwenzake.

Kwenye uwanja wa Portas do Sol waliidaka tramu namba 28. Hizi ni tramu za behewa moja, nyingi za miaka ya 1930, za mbao ndani, na kwa kuwa kila kitabu cha watalii kinazisifu, hufika zimeshiba. Binti alikuwa ameonya kuhusu wezi wa mfukoni, basi mama akaukumbatia mkoba kwa mikono yote miwili, asibakiwe na mkono wa kujishikia. Kila kona alimwangukia mtalii mmoja, mama mtu mzima kama yeye. Kona ya kwanza waliombana radhi. Baada ya kona kadhaa walikuwa wakichekana kama watu waliooleana.

Ghafla tramu ikasimama. Gari dogo jeupe lilikuwa limeegeshwa kando, na kitako chake kimeingia njiani upana wa kiganja. Tramu haina usukani wa kukwepa. Dereva akapiga kengele. Akapiga tena. Akashuka, akalitazama gari, akaitazama mbingu. Mwenye gari alitokea dukani na mkate kwapani, hana haraka, akakaripiwa na mtaa mzima, naye akaujibu mtaa mzima. Kisha akaanza kurudi nyuma, kwa woga, akielekea ukutani. Hapo mzee alishindwa kuvumilia. Aliteremka na makubadhi yake, akasimama nyuma ya gari, akainua mikono kama alivyokuwa akiongoza makontena miaka ile: njoo, njoo, kata kushoto, simama! Gari likatoka. Abiria wakapiga makofi. Mzee alirudi ndani bila kutabasamu, akatazama saa.

Kisha wakaenda Belém, liliko kaburi, kilomita kadhaa magharibi, kando ya mto Tagus. Hapo ndipo Vasco da Gama alipotwekea tanga Julai 1497, na hapo ndipo ilipo monasteri ya Jerónimos, jengo la mawe lililochongwa kila inchi kwa kamba, matumbawe na mimea. Ujenzi wake ulilipiwa kwa sehemu na ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Mashariki. Mlango ulikuwa umefungwa. Kibao kilieleza kwamba Jumatatu hakuna kuingia.

“Asilimia 5 tumechanga sisi,” mzee alimwambia askari mlangoni, kwa Kiswahili, akiamini haki haina lugha. “Tufungulie.”

Binti alijaribu kumliwaza. “Baba, hata mwenyewe hakuingia mara moja. Alifia Cochin mwaka 1524, na mifupa yake ikaletwa humu 1880. Alingoja miaka 356.” Haikusaidia. Mjukuu naye, akitaka kuokoa siku, akagundua simuni kwamba chombo cha ibada cha mwaka 1506, kilichotengenezwa kwa dhahabu ya kodi iliyotozwa kwa sultani wa Kilwa, kimo katika Jumba la Taifa la Sanaa za Kale, papo hapo Lisbon. Uso wa mzee ukachangamka. Mjukuu akasoma mstari uliofuata. Nalo hufungwa Jumatatu.

Mgahawa ulio wazi duniani kote siku kama hiyo ni ule wenye hila. Kabla hawajaagiza, mhudumu alitandaza mkate, siagi, jibini na zeituni. Mama alifurahi: watu wa pwani ni watu wa pwani, ukarimu wao mmoja. Wakala, kwani kukataa kilicholetwa ni utovu wa adabu. Sheria ya Ureno haimruhusu mwenye mgahawa kumtoza mteja vitu hivyo asipoviomba wala kuvigusa, lakini zeituni zilikuwa zimebaki kokwa. Risiti iliutaja ukarimu wote, kitu kimoja kimoja.

Duka la Pastéis de Belém, linalouza vitobosha vya maziwa na mayai tangu 1837, liliwatendea haki, ingawa walisimama kwenye foleni ndefu ya nje huku ndani kukiwa na vyumba vyenye viti vitupu. Vitobosha huja na vipaketi vya mdalasini. Mdalasini ulikuwa kati ya bidhaa alizozifuata Vasco da Gama kwa kuzunguka Afrika nzima. Sasa hutolewa bure. Mama alitia vipaketi kadhaa mkobani, na hakuna aliyemlaumu.

Saa za kurudi zilikuwa bado, lakini mzee hakutaka tena ngazi wala foleni. Njiani kurudi, kwenye gati la Cais do Sodré, aliiona feri. Kwa mtu wa Likoni, aliyezoea kuvuka kwa feri, hilo halihitaji ramani. Walilipa nauli ndogo, wakakaa dirishani, wakavuka Tagus kwenda Cacilhas na kurudi na wafanyakazi waliokuwa wakitoka kazini. Kutoka majini mji ulijipanga wote tena, ngome, makanisa, na meli yao ikingoja gatini. Mama alivua viatu. Mzee, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakutazama saa.

Basi ukishuka Lisbon, tazama kalenda kwanza na uvae raba. Kaburi na dhahabu ya Kilwa hufunguliwa Jumanne. Feri ya Cacilhas iko kila siku, huvuka kwa kama dakika 10, na ina viti.