Saa Inayokula Chaji Kuliko Mwenyewe

Asubuhi naivaa saa janja yangu ikiwa na asilimia mia. Adhana ya alasiri ikilia, kioo ni cheusi, na nikiulizwa saa nachungulia simu kama wasio na saa.

Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Hata bisibisi hakushika. "Hebu nieleze, dada, inasumbuaje?" Nikaanza kueleza, na kila nilipoinua mkono kioo kikang'aa zaidi.

"Umeona? Ukiinua mkono, yenyewe inajua unataka kutazama saa. Ongea umetuliza mikono."

Rahisi kusema. Kwetu Muheza habari haisimuliwi kwa mdomo peke yake.

Akaigeuza. Mgongoni taa za kijani zilikuwa zikimetameta, zile zinazomulika damu ili kuhesabu mapigo ya moyo.

"Una presha?"

"Sina."

"Sasa moyo unapimwa mfululizo wa nini, kama mtu aliyelazwa?" Akaweka ipime kila baada ya dakika 10. Akanikumbusha kwamba betri ya saa ni mAh 300 au 400 tu, wakati simu nyingi siku hizi zina 5,000. Akazima na ule mpangilio wa kioo kisicholala, akabadilisha picha ya maua niliyoipenda, akaweka uso mweusi. Kwenye vioo vya OLED sehemu nyeusi haiwaki kabisa, kwa hiyo haili umeme. Ukweli ni kwamba saa sasa inaonekana iko msibani.

Suala la ugali sikumwambia, kwa aibu. Juzi nasonga, mwiko umekolea, saa ikatetemeka na kunipongeza kwa kupiga makasia. Ikawasha vipimo vyake vyote mpaka sufuria ikaepuliwa. Kwa rekodi zake mimi ni mwanamichezo wa majini, na mazoezi nafanyia Buguruni.

Lakini mla chaji mkuu alikuwa kamati ya harusi ya binamu yangu. Kila ujumbe wa grupu unaiwasha saa na kuitetemesha, na mota ya kutetemesha nayo inakula umeme. Mweka hazina wetu hana habari hiyo. Mtu akitoa elfu kumi, yeye anarusha upya orodha nzima: Mama Salma ahadi 50,000, ametoa 20,000, bado 30,000, na kuendelea mpaka wajomba wa Korogwe. Chini yake wanafuatana: Amina. Hongera mwanakamati. Mungu akuzidishie. Kidole gumba. Kidole gumba. Hapo hakuna betri ya kuhimili.

Fundi akazuia ujumbe wa grupu usifike mkononi. Siku hiyo saa ilifika usiku ikiwa na zaidi ya nusu ya chaji, nikalala nayo kwa raha zote. Kesho yake nafungua simu, nakuta kikao cha usiku kimeniteua mwenyekiti wa kamati ndogo ya vinywaji, ahadi yangu imepandishwa mpaka laki mbili, na wajumbe wote wameshaandika hongera.