Puli, Pula na Mimi

Jumamosi ile, saa moja asubuhi, nilikuwa nimelala chali chini ya Corolla yangu ya mwaka 1998, zile tunazoziita mia na kumi, na nilikuwa mtu mwenye furaha. Chai ya tangawizi ilikuwa pembeni, boksi namba 19 mkononi, na mfukoni shilingi 150,000 nilizomnyima fundi. Alizitaka ili abadilishe sili ya mbele ya krenki, iliyokuwa inavujisha oili hadi uwanja wetu ukafanana na sakafu ya gereji, na mkanda wa taiming juu yake. Sili yenyewe ni kiduara cha mpira ambacho dukani unaona aibu hata kudai risiti.

"Sasa laki moja na nusu yote ni ya nini?" nilimuuliza.

"Ya kufika ilipo, mzee," alinijibu kwa upole.

Nilidhani ananitania.

Ili uione sili sharti utoe kava la taiming, na ili utoe kava sharti kwanza utoe puli ya krenki, lile gurudumu zito la chuma lililo chini kabisa ubavuni mwa injini, linalozungusha mikanda ya nje. Niliimulika kwa tochi ya simu. Imeshikwa na bolti moja tu, katikati. Moja! Nilihesabu tena nisije nikajipunja. Kulia na kushoto kwa bolti kulikuwa na vitundu viwili vidogo, hivyo puli ilikuwa kama ina uso: macho mawili na pua kubwa. Nikaupangusa kwa kitambaa. Haukuwa uso wa kumchukia mgeni.

Bolti ndiyo iliyoanza. Ukiizungusha, injini nayo inazunguka, mnakwenda wote pamoja kama watu wanaosindikizana. Gari ya gia za mkono unaiweka gia ya juu, mtu anakanyaga breki, injini inatulia. Yangu ni otomatiki. Haina habari na hayo. Mzee wa jirani, aliyestaafu reli na anayejua kila kitu kinachozunguka, alikuwa ameshafika na kigoda chake.

"Mwanangu, hiyo toa kwa stata."

Akanielekeza. Unavalisha boksi na mpini mrefu kwenye bolti, unauegemeza mpini kwenye chuma imara cha gari, unachomoa nyaya za plagi injini isije ikawaka, kisha stata inaguswa mara moja tu. Injini inataka kwenda, mpini unakataa, bolti inaachia. "Lakini usije ukamfanyia hivyo mwenye Honda ya zamani," akaongeza huku akiweka ugoro. "Nyingi za zile zinazunguka kinyume. Utamkazia mpaka kiama."

Mama watoto akaketi kwenye usukani.

"Niwashe?"

"Usiwashe! Gusa tu."

"Kugusa na kuwasha si ufunguo ni huohuo?"

Kabla sijajibu, pwaa! Watoto wakapiga kelele, kuku wa jirani akaruka ukuta, na bolti ikawa inafunguka kwa vidole. Mimi na furaha zangu nikatamka maneno ambayo ningeyaacha tumboni ningekuwa mtu mwenye heshima hadi leo: "Mke wangu, jioni jiandae. Tunakwenda kula samaki Kigamboni. Hela ya fundi si ipo?"

Ilikuwa saa tatu kasoro. Nikashika puli kwa mikono miwili ili niivute.

Haikutikisika.

Barabara ya mtaa wetu huko Tabata wakati wa masika ni bwawa, na puli ya krenki hukaa chini, mahali pa kunywa maji yote. Zaidi ya miaka ishirini chuma kimemkumbatia chuma mwenzake, kutu ikawafungisha ndoa. Nilipoigonga kwa nyundo ilinijibu ting, sauti safi kabisa, kama kengele ya shule inayokwambia umechelewa.

Habari ikaenea. Mtaani kwetu ukiumwa wewe watakuja watu watatu. Ikiumwa gari yako watakuja kumi na mmoja, na kila mmoja ana dawa. Kijana wa bodaboda alisema dizeli. Mwenye duka alisema mafuta ya breki, na kumbe anayo, anauza. Shemeji alisema soda nyeusi, ina tindikali, inakula kutu. Tuliimimina nusu chupa na nusu iliyobaki akainywa yeye, nadhani hilo ndilo lilikuwa lengo. Mwingine akaleta kopo lake la WD-40 huku akilikumbatia kama mtoto mchanga. Nimewahi kusoma kwamba dawa ile ilibuniwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza unyevu na kuzuia kutu, na kwamba ile 40 ni hesabu ya majaribio: walikosa mara 39 wakapata ya arobaini. Nilipiga hesabu zangu nikiwa chini pale. Mimi nilikuwa kwenye jaribio la sita na tayari kiuno hakikuwa changu.

Kila dawa niliimwaga kwa uangalifu, nikavijaza hata vile vitundu viwili, kama mtu anayemtia mgonjwa dawa ya macho. Puli ikanitazama tu, machozi ya dizeli yakiitiririka.

Saa nane mzee wa reli akatoa hukumu: "Hapo panataka pula." Nikamtuma kijana wangu gereji ya barabarani. Akarudi mikono mitupu.

"Baba, wameniuliza puli ya gari gani."

"Sikukutuma puli. Pula! Ya kutolea puli."

Akaenda, akarudi. "Wanasema puli wanazo, lakini za kutoa puli hawajawahi kuziona."

Nikaenda mwenyewe, nikaacha kitambulisho rehani na shilingi 5,000, nikarudi na pula ya miguu mitatu, mdudu wa chuma mwenye kucha. Nikazipachika kucha kwenye ukingo wa nje wa puli, nikaanza kukaza skrubu ya katikati. Ikalalamika. Nikakaza. Krrr! Ikasogea!

"Inatoka!" nilipiga kelele. "Mama watoto, vaa!"

Ilitoka kweli. Ukingo ulitoka. Uso ulibaki palepale.

Hapo ndipo nilipojua kwamba puli ile si chuma kimoja. Ni viwili, kitovu cha ndani na duara la nje, na katikati yao kuna mpira unaomeza mtikisiko wa injini. Hutakiwi kuivuta kwa ukingo hata siku moja, maana utauchana mpira, na mimi nilikuwa nimeuchana kwa bidii, kwa chombo cha kukodi, mbele ya mashahidi. Mzee wa reli alinyanyua kigoda chake, akakumbuka ana dawa za kumeza nyumbani.

Fundi alifika saa kumi na mbili kasoro, yuleyule. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alikuja na bolti mbili nyembamba na kipande cha chuma bapa chenye matundu matatu. Akachuchumaa, akaitazama puli usoni.

"Mzee, haya macho ulidhani ni ya nini?"

Vile vitundu vina nyuzi ndani. Alizipitisha bolti zake mbili kwenye chuma bapa, akazifunga ndani ya macho, kisha akakaza skrubu ya tatu katikati ikisukuma ncha ya krenki. Mzunguko mmoja, wa pili. Puli ikamjia mkononi kama embe lililoiva. Sikutazama saa, ila chai aliyokaribishwa ilikuwa bado inafuka moshi.

Bei ikabaki 150,000, pamoja na 45,000 za puli iliyotumika kutoka Kariakoo. Usiku ule tulikula ugali na dagaa, mama watoto akiwa bado na gauni lake la kutokea, kimya, akichambua dagaa mmoja mmoja kana kwamba ana miiba ya changu.

Uso wa puli ya zamani aliuomba yeye. Kusi ya mwaka huu ilikuwa inapeperusha kifuniko cha simtanki hadi kwa jirani, akataka kitu kizito cha kukikandamiza. Ameulaza chali. Kila nikipanda kuangalia maji yamefika wapi, tunatazamana.