Mabingwa wa Dunia, Mpira Marufuku

Hispania ilitwaa Kombe la Dunia la wanaume mwaka 2010, na la wanawake mwaka 2023. Sasa ingia katika bustani za mitaa za miji yake: katika nyingi, wazee wamewekewa vyuma vya mazoezi, mbwa wametengewa uwanja wao wenye uzio, na mtoto, maskini, katundikiwa kibao kwamba ni marufuku kucheza mpira. Watetezi wa marufuku hiyo watasema mpira huvunja vioo na kumgonga bibi aliyejikalia kwenye benchi. Ni kweli, na bibi ana haki yake. Lakini mbwa naye hung'ata, wala hakufukuzwa; alijengewa. Kisha jioni watu wazima hao hao hujazana baa kutazama mechi, wakilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawabanduki kwenye simu.