Ngoma Inayokoroma Kanisani

Jumapili iliyopita, mchungaji akiwaombea wafiwa kwa sauti ya chini, kanisa zima limeinama, ngoma yangu ya snea ilikoroma. Sikuigusa. Vijiti vilikuwa mapajani. Mpiga besi ndiye aliyekuwa akidonoa noti moja moja kusindikiza maombi, na kila akidonoa, snea inaitikia: krrrr. Vichwa vikaanza kuinuka. Mjane mwenyewe akageuka. Mzee wa kanisa akaja ananyata, akaninong'oneza:

"Mwanangu, hebu izime."

"Shikamoo baba. Haitumii umeme."

Hakuniamini. Akafuata waya wa kwanza aliouona ukutani, akachomoa plagi. Feni zikasimama. Ngoma ikaendelea kukoroma, safari hii kwenye joto.

Niwaeleze kinachotokea, maana kwa kweli kinanifurahisha hata kikiniaibisha. Snea ina ngozi mbili. Ya chini ni ya plastiki, nyembamba mno, na kwa nje, chini yake, zimelazwa waya za chuma zilizosokotwa kama springi, kwa kawaida 20. Ukipiga juu, hewa ya ndani inaisukuma ngozi ya chini, ngozi inazirusha waya, waya zinarudi kuichapa. Hapo ndipo unapopata ule mlio wa "chaa!" Zamani huko Ulaya, kwenye ngoma za jeshi, kazi hiyo ilifanywa na nyuzi za utumbo wa mnyama. Shida ni kwamba ngozi haibagui anayeitikisa. Noti ya besi ikikaribia sauti yake, inatikisika, na waya nazo zinaongea. Maadamu waya zinagusa ngozi, huwezi kuukomesha mkoromo huo kabisa, unapunguza tu.

Kuzifunga waya mpya kunataka subira. Unaziweka katikati kabisa, tepe zinazozishika pande zote mbili zilingane, unabana skrubu, unapandisha mkono wa pembeni unaozibana waya kwenye ngozi, kisha unazungusha nati ya kukazia kidogo kidogo huku unapiga polepole. Krrr ikigeuka chaa, acha hapo hapo. Ukizidisha, ngoma inakabwa, waya zinavutika, na zilizovutika hazirudi tena.

Wenye ngoma zao watauliza: si ungeshusha huo mkono, waya ziachane na ngozi, maombi yaendelee? Mkono uling'oka mwaka jana. Tumeufunga kwa kamba ya kiatu.

Na si mkono tu ulionitesa: kwenye harusi moja Tabata, ncha ya waya ilichana suruali ya kukodi. Siku ya kipaimara, tepe ilikatika katikati ya wimbo.

Na hapa sicheki tena. Kamati ya kanisa ilipata fedha za mapazia ya satini na maua ya plastiki ya madhabahuni. Vipuri vya ngoma vinasubiri bajeti. Anayepiga bure kila wiki ndiye anayenunua waya, na ikikoroma, hakuna anayeigeukia kamati.

Mweka hazina, risiti ya waya na tepe nimeitia kwenye bahasha yangu ya sadaka. Mkono bado haujanunuliwa.